Unachimba historia ya Portsmouth? Anza na ramani

Kabla hujasoma chochote kuhusu Portsmouth, bandari kongwe ya manowari za Uingereza, fungua tovuti ya ramani ya National Library of Scotland. Jina lisikupotoshe: ramani za zamani za England zimo pia, tena bure. Tandika ya karne ya 19 juu ya picha ya setilaiti, kisha ififishe kidogo kidogo. Utaona vichochoro vilivyobanana nje ya ukuta wa magudi, na vingine leo havipo kabisa. Inagusa moyo, hasa ukikumbuka mabomu ya Wajerumani ya Januari 1941, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Maandishi yatafute British History Online, tovuti ya vyanzo vya historia ya Uingereza. Andika pia majina ya maeneo ya mji huo: "Portsea" na "Landport", huko Landport alikozaliwa mwandishi Charles Dickens mwaka 1812. Ukiandika Portsmouth peke yake, mengi yatakupita.