Nyaya nano za nikeli: kuzikuza ndani ya kiolezo cha oksidi ya alumini na kuzichunguza

Nyaya nano ni nyaya nyembamba sana, za upana wa nanomita. Unachukua utando wenye matundu membamba yaliyonyooka (ndio kiolezo), unaziba upande mmoja kwa metali, kisha unajaza matundu kwa umeme kutoka chini kwenda juu. Upana wa tundu ndio upana wa waya, na chaji iliyopita huamua urefu wake. Kazi nyingi huharibika kabla umeme haujawashwa, kwa hiyo usiharakishe matayarisho.

Anza na nikeli. Inastahimili sodiamu hidroksidi inayoyeyusha kiolezo, tena huvutwa na sumaku, na hilo hurahisisha usafishaji. Shaba huoksidika haraka kwenye alkali; iwekee utando wa polikaboneti, ambayo ni plastiki.

1. Mgongo wa fedha

Tumia utando wa kununua wenye unene wa mikromita 60 na matundu ya nanomita 200. Ule unaouzwa kama wa nanomita 20 una mtego: matundu hayo madogo yako kwenye tabaka jembamba la upande mmoja tu, na sehemu kubwa ya unene ina matundu mapana. Ukiutumia, upake metali upande huo mwembamba, maana huzibika kwa urahisi zaidi.

Paka fedha ndani ya chombo cha ombwe, angalau nanomita 300. Kwa matundu mapana 500 ni salama zaidi. Bandika mgongo huo kwenye bamba la shaba kwa gundi ya fedha, kisha funika kingo zote kwa rangi ya kucha, ubakize duara la sentimita 1 ya mraba. Utando huu hupasuka kama ganda la yai, kwa hiyo shika kwa kibanio bapa, pembeni tu.

2. Elektroliti (maji ya chumvi yanayopitisha umeme)

Kwa nusu lita ya maji yaliyokenekwa:
- nikeli salfeti (NiSO₄·6H₂O) gramu 150
- nikeli kloridi (NiCl₂·6H₂O) gramu 22.5
- asidi ya boriki gramu 22.5

Yeyusha asidi ya boriki kwanza, kwenye maji ya moto. Kiasi hiki kinakaribia kikomo chake, na chumba kikiwa baridi itarudi kuwa fuwele. Usiipunguze. Hidrojeni inapotoka kwenye ncha za nyaya, pH ya pale hupanda, na bila asidi hiyo hidroksidi ya nikeli huganda ndani ya matundu. Rekebisha pH iwe kati ya 3.5 na 4. Chumvi za nikeli husababisha mzio na vumbi lake huweza kuleta saratani: vaa glavu, pima chini ya feni ya kufyonza hewa, na usimwage mabaki kwenye sinki.

3. Kuondoa hewa

Zamisha kiolezo kwenye elektroliti, weka bika ndani ya chombo cha ombwe, vuta hewa kwa dakika 5 hadi 10 mpaka viputo viishe. Wengi huiruka hatua hii. Tundu lenye hewa halikui waya, na baadaye utadhani tatizo ni volteji.

4. Kukuza

Kiolezo ndicho katodi (upande hasi). Anodi (upande chanya) iwe bamba la nikeli, elektrodi rejea, ambayo volteji hupimwa dhidi yake, iwe ya fedha na kloridi ya fedha (Ag/AgCl), volteji ya kiolezo iwe −1.0. Sentimita moja ya ujazo ya nikeli huhitaji takriban kulombi 29,300. Kama matundu ni asilimia 40 ya eneo la sentimita 1 ya mraba, nyaya za mikromita 10 zinataka kulombi 11.7, ongeza asilimia 5 hadi 10 kufidia hidrojeni. Kwa mkondo wa wastani wa miliampea 5, hiyo ni kama dakika 40.

Mchoro wa mkondo ndio jicho lako. Mkondo hushuka sekunde za mwanzo, kisha hutulia muda mrefu, halafu hupanda pale nyaya zinapofika juu na kufurika. Ukipanda mapema mno, ni matundu machache yanayojaa. Ukiwa mkubwa tangu mwanzo, elektroliti imevuja hadi kwenye fedha. Ukiwa karibu na sifuri, mguso umekatika au hewa imebaki. Mikato kama ya msumeno ni viputo vya hidrojeni: punguza ukali wa volteji kidogo.

5. Kuzitoa

Sugua fedha ya mgongoni kwa msasa laini wenye maji mpaka itoweke. Loweka kipande kwenye sodiamu hidroksidi ya molari 3 (gramu 120 kwa lita) kwa saa moja au mbili. Usikimbilie maji: pH ikishuka ghafla, alumini iliyoyeyuka huganda kama ute mweupe unaozifunika nyaya. Badilisha alkali mpya mara mbili, ukizishika nyaya kwa sumaku, kisha suuza kwa maji mara nne au tano na umalizie kwa ethanoli. Sumaku isikae muda mrefu, la sivyo nyaya zitashikamana kuwa mafungu.

6. Kuchunguza

Dondosha tone kwenye silikoni, kausha, pima urefu wa nyaya zisizopungua 50 kwa hadubini ya elektroni. Zilizovunjika zitavuta wastani chini, kwa hiyo linganisha na mkato wa kiolezo ambacho hakijayeyushwa.

Ukipiga nyaya kwa eksirei itokayo kwenye shaba na kupima pembe ambazo fuwele huitawanya, nikeli hutoa vilele karibu na digrii 44.5, 51.8 na 76.4. Fedha nayo ina kilele kwenye 44.3 (na dhahabu, kama uliitumia mgongoni, kwenye 44.4). Usipouondoa mgongo kwanza, utahesabu metali yake kama nikeli.

Vipimo vya sumaku vifanye nyaya zikiwa bado ndani ya kiolezo, uga wa sumaku ukiwa sambamba nazo, kisha uga huo ukiwa kwa pembe mraba nazo. Waya mmoja peke yake hupendelea sumaku iende kwa urefu wake. Zikisongamana, kila moja huvuruga jirani, na hesabu ya wastani inaonyesha kwamba matundu yakifika theluthi moja ya eneo upendeleo huo hutoweka. Yakizidi hapo, hugeuka. Kwa hiyo michoro miwili ya usumaku inayofanana (ya uga sambamba na ya pembe mraba) kwenye kiolezo cha asilimia 40 haimaanishi nyaya ni mbovu. Ukitaka tabia ya waya wenyewe, tumia kiolezo chenye matundu machache zaidi.