Namna ya Kumsaidia Mjane Aliye Katika Eda

Anapofariki mwanamume katika mitaa ya Ngamiani au Makorora jijini Tanga, nyumba hujaa watu mapema: vijana hufunga turubai, akina mama hubandika masufuria, na daftari la ubani, yaani fedha za rambirambi, huanza kuandikwa majina. Baada ya hitima ya siku ya tatu matanga huanuliwa, kila mtu hurejea kwenye shughuli zake, na mjane hubaki na eda, yaani kipindi cha kukaa ndani ambacho dini ya Kiislamu humwekea aliyefiwa na mume, cha miezi 4 na siku 10 kwa hesabu ya mwezi mwandamo, isipokuwa akiwa mjamzito, ambapo eda yake huisha anapojifungua. Mwongozo huu unamhusu jirani, shoga, wifi au shemeji anayetaka kuwa wa manufaa katika miezi hiyo, ambayo kwa kweli ndiyo migumu.

Kwanza jiulize ni msaada wa aina gani unaoweza kuutoa. Mwaka 1981 mwanasosholojia wa Marekani, James House, aliugawa msaada ambao watu hupeana katika mafungu manne: huruma na usikivu, mali na kazi za mikono, maarifa, na maneno yanayomwezesha mtu kujipima na kujua kwamba anayoyafanya ni sawa. Matanga yetu ni hodari mno katika fungu la pili, na ni dhaifu katika la tatu.

Kwa upande wa mali, hakikisheni ubani unakabidhiwa mjane mwenyewe au mtu aliyemchagua, pamoja na daftari lake, badala ya kupita mikononi mwa watu wengi. Ikiwa uwezo wako ni mdogo, usitoe vyote siku ya maziko, kwani siku hiyo chakula hupatikana hata kwa majirani. Weka akiba ya mchele na mafuta uvipeleke mwezi wa pili. Kazi nazo zitajwe kwa jina na siku. Maneno kama "ukiwa na shida usisite" humwachia mfiwa mzigo wa kuomba, na wengi huona haya. Ni afadhali kusema, "Dada, kila Jumamosi nitapita kukufuatia kitoweo soko la Mgandini, na mtoto wa madrasa nitampeleka mimi," kisha ukatimiza.

Maarifa ndiyo yanayostahili uangalifu mkubwa zaidi, kwa sababu muda wa sheria hausubiri eda. Kifo kinatakiwa kusajiliwa ndani ya siku 30, yaani wakati mjane bado ana muda mrefu wa kukaa ndani. Wanazuoni wengi humruhusu mwenye eda kutoka mchana kwa haja ya lazima, lakini hakuna sababu ya kumhangaisha ikiwa yupo shemeji au mtoto mkubwa wa kwenda. Anayekwenda achukue hati ya kifo iliyotolewa na hospitali, au taarifa ya uongozi wa eneo ikiwa mtu alifia nyumbani, aipeleke ofisi ya wilaya ya RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo, na akague jina la marehemu herufi kwa herufi lilingane na kitambulisho chake, hati ya nyumba na akaunti ya benki. Jina lililokosewa kwenye cheti cha kifo huweza kukwamisha kila jambo linalofuata.

Baada ya cheti hufuata kikao cha familia, ambacho humpendekeza msimamizi wa mirathi na kuandika muhtasari utakaopelekwa Mahakama ya Mwanzo. Kikao kikifanyika bila mjane kusikilizwa, wewe uliye karibu naye una wajibu wa kusema kwa heshima kwamba apewe nafasi. Mjane Mwislamu anastahili robo ya mirathi ikiwa mume hakuacha mtoto, na thumni, yaani sehemu moja ya nane, ikiwa ameacha, baada ya madeni na wasia kuondolewa; ajue hivyo kabla ya mtu kumwekea karatasi ya kutia saini. Asaidiwe pia kutunza cheti cha ndoa, na mtu yeyote asitoe fedha kwenye simu ya marehemu kwa sababu tu anaijua namba ya siri, kwani fedha hizo ni za warithi wote. Ikiwa marehemu alikuwa mwajiriwa, ulizeni mafao ya warithi kwenye mfuko wa hifadhi ya jamii wa NSSF, au PSSSF kwa watumishi wa umma. Panapotokea mvutano, watafuteni wasaidizi wa kisheria, ambao wanatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017.

Kuhusu faraja sina mengi, kwa kuwa hapa kinachohitajika ni kuketi na kusikiliza. Mwache amtaje mumewe, nawe mtaje kwa jina lake, usimhimize ajikaze. Shemeji au jirani wa kiume abishe hodi, aketi barazani na azungumze akiwapo mtu wa tatu, ili ziara ya wema isimletee mjane maneno ya mtaani. Na anapoamua jambo vizuri, kwa mfano kukataa kuuza shamba kwa haraka, mwambie waziwazi kwamba ameamua vizuri, maana katika kipindi hicho hupewa ushauri na watu wengi hata akaanza kuitilia shaka akili yake mwenyewe.

Mwezi wa nne unapokaribia, zungumza naye kuhusu riziki. Kama alikuwa akiuza vitumbua au samaki, ulizia wateja wake wa zamani na bei za sasa. Asiye na mtaji anaweza kujiunga na kikundi cha akina mama, kwa kuwa halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na asilimia 4 kati ya hizo ni ya wanawake. Maombi hupitia vikundi vilivyosajiliwa, kwa hiyo mwende pamoja kumwona ofisa maendeleo ya jamii wa kata mara eda itakapokwisha.