Pedi ya mausi: pima mkono wako kwanza, duka baadaye

Wakuu, kila mtu akikosa shabaha kwenye michezo ya kompyuta ya kufyatua risasi ananiuliza pedi ipi ya mausi (kipanya) ni kali. Sina jibu mpaka nijue mkono wako unasafiri kiasi gani, kwa hiyo tafuta rula.

Hatua ya 1: pima mzunguko mmoja. Ingia kwenye uwanja wa mazoezi wa mchezo wako, elekeza kialama cha kulengea kilicho katikati ya skrini kwenye alama moja ukutani, bandika kipande cha selotepu mezani pale mausi ilipo. Sogeza mausi taratibu upande mmoja hadi mhusika wako azunguke kabisa na uirudie alama ile ile, kisha pima umbali kutoka kwenye selotepu. Mimi nacheza CS2 (Counter-Strike 2) kwa DPI 800 (wepesi wa mausi yenyewe) na sensi 1 (wepesi uliowekwa ndani ya mchezo): napata sentimita 52 hivi. Mchezo wa Valorant kwa DPI hiyo hiyo na sensi 0.3 inakaribia 54.

Sasa fanya hesabu. Kugeuka nyuma ni nusu ya hapo, sentimita 26. Pedi ya SteelSeries QcK Heavy ya saizi ya Large ina upana wa sentimita 45, kwa hiyo ukianzia katikati una 22 na nusu tu kila upande. Hata hiyo inakulazimu kuinua mausi mara moja, sembuse kile kipande cha sentimita 25 ulichopewa bure na kompyuta! Ukipata chini ya 30, unalenga zaidi kwa kifundo cha mkono, na pedi ndogo inakutosha. Ukizidi 45, unatumia mkono mzima kuanzia begani, na kwako upana unatangulia chapa.

Hatua ya 2: breki au mtelezo. CS2 na Valorant ni michezo ya kuvuta na kusimama papo hapo, kwa hiyo napendekeza kitambaa chenye breki. Apex Legends inakutaka umfuate mtu anayekimbia huku unampiga, na hapo mtelezo unasaidia.

Ila jaribu hivi kabla hujalipa: weka mausi juu ya pedi, isukume kwa kidole kimoja, polepole sana. Ikigoma halafu ikaruka ghafla, iache dukani. Hicho kigugumizi ndicho kinachokupitisha kichwa cha adui kwa milimita mbili kila unapojaribu kurekebisha.

Hatua ya 3: unene. QcK Heavy ina milimita 6. Ukiwa na wasiwasi unakandamiza mausi, nayo inazama kidogo na kupata breki ya ziada. Wengine hawapendi hilo, mimi nalipenda. Isitoshe, meza yangu aliichonga fundi wa mtaani kwa mbao mbili, na kwenye pedi nyembamba nilikuwa nausikia ule muungano kila nikivuka.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, niko Mombasa, jioni pedi inakuwa nzito. Mbovu?*
Hapana, ni unyevu na jasho. Kitambaa kinanyonya vyote viwili. Vaa mkononi soksi ndefu iliyokatwa sehemu ya vidole, inasaidia kuliko unavyodhani. Pedi ya kioo kama Skypad hainyonyi jasho, unaifuta tu, lakini inakula miguu ya mausi (vibandiko vya kuteleza vilivyo chini yake) haraka na breki ni haba.

*Naweza kuifua?*
Ndiyo. Maji ya uvuguvugu, sabuni ya vyombo kidogo, sponji laini. Usiisugue kwa brashi wala kuikamua. Ilaze kivulini hadi ikauke kabisa, maana ikibaki na unyevu itakwama kama gundi.

*Meza yangu ni finyu, na sensi yangu ni ndogo. Nifanyeje?*
Igeuze kibodi mshazari, au tafuta isiyo na namba za pembeni. Ikishindikana, ongeza sensi kidogo kidogo na uvumilie wiki mbili za kukosa.

*Zenye taa zinaongeza shabaha?*
Zinaongeza waya mezani.