Udongo mweusi wa jaani si mbolea

Udongo uliokaa kwenye dampo la zamani unavutia: ni mweusi, laini, unashika maji, na mchicha ukipandwa humo hunawiri upesi. Kinachounawirisha ni naitrojeni ya mabaki ya chakula yaliyooza. Lakini humo humo zimechakaa betri, makopo ya rangi na vyombo vya umeme, vikaacha risasi na kadimiamu, madini ambayo hayaozi hata dampo lingefungwa miaka 30. Jani halitakuonyesha dalili yoyote. Tafadhali usibebe udongo huo kwenda bustanini, wala majivu ya taka zilizochomwa, maana moto hula karatasi na kuyaacha madini mengi.

Kwa wenye bustani upande wa chini wa dampo, hapa Tanga mchanga wa pwani hupitisha maji haraka, hivyo masika husukuma maji ya taka hadi visimani. Chumvi peke yake si ushahidi, kwani huenda inatoka baharini. Linganisha na kisima kilicho upande wa juu wa dampo: kama cha chini kina povu, harufu au utando wa rangi ya kutu na cha juu hakina, acha kunywa na kumwagilia mpaka maji yapimwe. Kuchemsha huua vijidudu tu; madini hubaki, na maji yakipungua sufurianini yanakuwa makali zaidi.

Udongo nao upimwe, na hapa ndipo wengi hukosea. Tembea kwa mwendo wa zigizaga, uchukue vijiko vya udongo sehemu 15, kina cha sentimita 0 hadi 20. Tumia ndoo ya plastiki. Ndoo ya bati huchafua sampuli kwa zinki. Changanya, anika kivulini, funga kilo 1 na uandike lebo. Eneo lililo karibu na dampo liwe na sampuli yake. Ukilichanganya na lile la mbali, uchafu unafichwa na wastani. Kituo cha TARI (Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania) Mlingano, wilayani Muheza, kinashughulika na udongo, kaulizeni huko. Taja wazi kwamba unataka kipimo cha metali nzito, yaani madini kama risasi na kadimiamu, kwa sababu kile cha kawaida huishia kwenye pH (kipimo cha uchachu; ikiwa chini, udongo ni mchachu) na virutubisho, nawe utarudi nyumbani ukidhani shamba ni salama.

Wakati ukisubiri majibu, acha mchicha, matembele, figiri na karoti, kwani majani na mizizi ndiyo hubeba madini mengi. Bamia, mahindi na mipapai hubeba kidogo zaidi kwenye sehemu inayoliwa. Tandaza nyasi kavu ili matone ya mvua yasirushe tope kwenye matunda. Kuosha huondoa vumbi la nje, si kilichokwisha kuingia kwenye mmea.

pH ikiwa chini ya 6, changanya kilo 1 hadi 2 za chokaa ya kilimo kwa tuta la mita 10 kwa 1, wiki 3 kabla ya kupanda, pamoja na ndoo 2 za samadi iliyoiva. Kadimiamu hushikwa na udongo, mizizi ikainyonya kidogo. Penye mawe ya matumbawe pH huwa tayari iko juu, chokaa ni hasara. Mbolea ya SA (salfeti ya amonia) iache kabisa, inaongeza uchachu.

Kuku nao wafungiwe: wakichakura jaani, risasi huingia kwenye mayai wanayokula watoto.