Shuka kila wiki, duveti kabla ya masika

Jamani, joto la kaskazi likishika, shuka isizidi wiki moja kitandani. Usiku kucha mwili unatoa jasho, na unyevu wa hapa Mombasa hauliachi likauke. Wale wadudu wa vumbi wasioonekana kwa macho, wanaochochea chafya na pumu, hupenda sana mahali kama hapo. Foronya mimi hubadilisha kila siku tatu, maana mafuta ya nywele hupenya mpaka ndani ya mto. Kwenye nyumba ya mwenye pumu, shuka zifuliwe kwa maji ya moto ya nyuzi 60. Maji ya baridi hutoa uchafu, lakini wadudu wengi hubaki hai.

Duveti ni habari nyingine. Kava lifue pamoja na shuka. Duveti yenyewe mara mbili tatu kwa mwaka yatosha. Ila ifue Januari au Februari jua likiwa kali, usingoje masika. Ukiianika, igeuze na kuitingisha mara kwa mara pamba isigande. Kabla ya kuikunja, finya pembe yake kiganjani kisha uinuse: ukisikia ubaridi au uvundo, irudishe juani. Mwaka juzi niliikunja yangu ikiwa mbichi ndani, na baada ya wiki mbili ilijaa madoa meusi ya ukungu. Ikabidi niitupe.

Chandarua chenye dawa kifuliwe si zaidi ya mara moja kwa miezi mitatu, kwa sabuni isiyo kali, na kianikwe kivulini. Jua huiharibu ile dawa.