Ukipunguzwa kazi: namna ya kudai fao la upotevu wa ajira NSSF

Kazi yangu ni kuandaa mishahara kiwandani, kwa hiyo barua za kupunguza watu zimepita mezani kwangu nyingi kuliko nilivyopenda. Mtu akishaipokea, mbio NSSF (Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii). Subiri kwanza. Fao la upotevu wa ajira, yaani malipo ya NSSF kwa aliyepoteza kazi, mara nyingi hupatikana au hupotea kabla hujafika dirishani kwao. (Nazungumzia sekta binafsi, Tanzania Bara. Watumishi wa umma wana mfuko wao, PSSSF, na Zanzibar wana wao, ZSSF.)

Hatua ya 1: Isome barua kabla ya kusaini chochote

Fao ni la aliyepoteza kazi, si la aliyeiacha. Ukiandika kwa mkono wako kwamba unaacha kazi kwa hiari, umejifungia mlango mwenyewe. Kijana mmoja wa idara ya ufungashaji aliambiwa, "Andika barua ya kuacha, hela yako unaipata leo leo." Akaandika. Hela akaipata kweli, ya mwezi mmoja. Dirishani wakaisoma barua yake, wakamrudishia.

Barua inayokufaa inataja tarehe ya mwisho ya kazi na sababu yenyewe, kwa mfano kupunguzwa wafanyakazi. Kama umeachishwa kwa uonevu, peleka mgogoro CMA (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayosikiliza migogoro ya kazi) ndani ya siku 30 tangu kuachishwa, kwa Fomu Na. 1. Wengi hutumia siku hizo kumbembeleza bosi, kisha wanafika siku ya 40.

Hatua ya 2: Maliza na mwajiri

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa aliyepunguzwa mshahara wa siku alizofanya kazi, likizo ambayo hakwenda, notisi (siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi), nauli ya kurudi alikoajiriwa, na cheti cha utumishi. Ukiwa umetimiza mwaka mmoja au zaidi, kuna pia kiinua mgongo: mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka kamili, mwisho miaka 10. Hicho anakilipa mwajiri, na hakina uhusiano na fao la NSSF. Usikubali kuambiwa uchague kimoja.

Hatua ya 3: Hesabu michango yako

Kila mwezi NSSF inatakiwa kupokea 20% ya mshahara wako, kwa kawaida nusu yako na nusu ya mwajiri. Kukatwa ni jambo moja, kupelekwa ni jingine. Omba taarifa ya michango, uiweke kando ya hati zako za mshahara, upitie mwezi kwa mwezi. Ukiona pengo, peleka hati za miezi hiyo NSSF, maana kumdai mwajiri ni kazi yao. Pengo hilo si dogo: linaweza kukushusha chini ya miezi 18, na hapo hesabu yote inabadilika.

Hatua ya 4: Jua utapata nini

Mwenye michango ya miezi 18 au zaidi hulipwa 33.3% ya mshahara wake, kwa muda wa miezi 6. Aliyekuwa akipata shilingi 600,000 atapokea kama 200,000 kwa mwezi, yaani karibu milioni 1.2 kwa jumla. Mwenye pungufu ya miezi 18 hupewa nusu ya michango yake. Kodi ya chumba na unga, basi. Mtaji wa duka usiupigie hesabu hapa.

Hatua ya 5: Peleka madai

Beba barua ya kuachishwa, kitambulisho cha NIDA, namba ya uanachama, picha na namba ya akaunti ya benki, ujaze fomu ya madai ofisini kwao. Linganisha majina kwenye karatasi zote. NIDA ikisema Rehema na benki ikisema Rehma, utatumwa kutafuta hati ya kiapo. Nakala yako igongwe muhuri wa tarehe, la sivyo ukirudi kuulizia unaanza kujieleza upya.

Ukipata kazi nyingine, mpe mwajiri mpya namba yako ileile ya uanachama. Akikusajili upya, michango inagawanyika kwenye namba mbili, na kuziunganisha baadaye ni safari nyingine.