Jinsi ya Kusoma Siasa Kwenye Tao la Constantine, Roma

Tao hili, lililo jirani na Colosseum, lilizinduliwa mwaka 315 kuadhimisha ushindi wa mtawala wa Kirumi Constantine dhidi ya mpinzani wake Maxentius kwenye Daraja la Milvio, tarehe 28 Oktoba 312. Kimo chake ni mita 21 hivi, kwa hiyo beba darubini.

Hatua ya 1: Tenganisha mawe kwa umri. Wanaoruka hatua hii hupotea mapema, maana michongo mingi ilitolewa kwenye majengo ya zamani, ya enzi za watawala waliomtangulia Constantine. Mateka 8 wa Dacia (eneo la Romania ya leo) waliosimama juu ya nguzo ni wa enzi ya Trajan. Miduara 8 ya uwindaji na kafara ni ya Hadrian. Paneli 8 za juu kabisa, pembeni mwa maandishi, ni za Marcus Aurelius. Ukanda mwembamba chini ya miduara ndio wa Constantine mwenyewe.

Hatua ya 2: Kagua nyuso. Kwenye miduara, vichwa vya Hadrian vilichongwa upya, na upande wa kaskazini mwindaji akawa Constantine. Sifa za watawala waliokumbukwa kwa wema zikahamia kwake. Tahadhari: vichwa vya mtawala kwenye paneli za Marcus Aurelius viliwekwa karne ya 18, visikupe ushahidi wowote.

Hatua ya 3: Soma maandishi ya juu. Maxentius hatajwi jina. Anaitwa dhalimu tu, kwani kushangilia damu ya Warumi wenzako ilikuwa aibu. Kisha tafuta INSTINCTU DIVINITATIS, “kwa msukumo wa uungu”. Uungu upi? Jiwe halisemi. Mkristo alimwona Mungu wake hapo, na seneta aliyeabudu miungu ya kale akaiona yake. Hakuna maneno yaliyopimwa kwa uangalifu zaidi kwenye tao zima.

Hatua ya 4: Fuata ukanda. Anza magharibi, jeshi linapoondoka Milano. Kusini ni kuzingirwa kwa Verona na vita vya darajani. Mashariki, kuingia Roma. Kaskazini, upande wa kulia, Constantine anagawa fedha: yuko katikati, ametazama mbele, mkubwa kuliko wote. Usikimbilie kusema mchongaji hakujua uwiano wa mwili. Hapa ukubwa unapimwa kwa cheo.

Kushoto anahutubia. Tazama ncha mbili za jukwaa: sanamu zilizoketi ni za Hadrian na Marcus Aurelius. Sasa inua macho, michongo yao wenyewe iko juu yake.